Jicho la Kamera la Kumunyamazisha Dancille

Jumatatu, 17 Mei 2021

Jana Padri ametangaza. Siku ya Pentekoste kapela yetu ya Majengo inatimiza miaka makumi tano. Mama aliyebeba kikapo cha kwanza cha matoleo, siku ile ya kufungua mulango, atakaa kwenye kiti chekundu karibu na Padri. Mbele ya watu wote! Nikaanza kusimama. Nani mwingine kama si mimi? Kumbe Dancille amekwisha kusimama. Dancille! Jirani yangu, mujane kama mimi, goti bovu, ulimi muzima. Akasema kikapo ni yeye. Watu wakapiga makofi. Nikakaa kwa hasira mpaka benchi ikalia.

Lakini niko na ushahidi. Bwana yangu, marehemu Evariste, alikuwa mupiga picha. Moto wa volkano ulikula studio yake 2002, picha zote zikaungua. Negatifu, zile filamu zenyewe, nilizibeba ndani ya sufuria, juu ya kichwa. 2008 nilizikimbiza mbele ya waasi. 2012 waasi tena, sufuria tena. Negatifu zile zimekimbia kuliko askari. Na moja ni ya siku ile: musichana na kikapo kichwani, mbele ya mulango wa kapela. Uso umo katika kivuli cha kikapo. Vikwembe vya kujifunga vyote ni vya namna moja, uniforme ya mama wa kanisa. Lakini angalia kilemba! Mimi nafunga fundo juu ya sikio la kushoto tangu usichana. Dancille anafunga kulia. Majengo muzima inajua. Nimeinua negatifu kwenye dirisha: fundo liko kwenye sikio la kushoto. Kwisha!

Binti yangu Olive anapiga picha za arusi. Nimemuambia apige picha ya negatifu kwa kamera yake, halafu kompyuta igeuze nyeusi kuwa nyeupe. Amesema ni wazo zuri. Bila shaka ni zuri, ni langu.

Jumanne, 18 Mei

Aka! Olive ameweka kioo juu ya vitabu viwili, simu inawaka chini, negatifu juu. Amechukua kigoda chetu chenye tundu, kamera ikalala pale juu ikitazama chini. Kazi safi. Lakini jicho lake la arusi (ile lenzi ya mbele; yeye anasema objectif, mimi nasema jicho) linaona bibi arusi kutoka mulangoni, na halioni kitu kilicho chini ya pua. Tukilikaribisha, ukungu. Tukilirudisha nyuma, negatifu inakuwa punje ya maharagi. Na pembeni yote inapinda. Mulango wa kapela ulikuwa kama ndizi!

Nikasema kamera imekufa. Olive akasema hapana, tunahitaji jicho la kutazama karibu. Halafu akanieleza kwamba sahani inayopokea picha ndani ya kamera yake ni ndogo kuliko negatifu yenyewe, basi negatifu lazima ipunguzwe kidogo ndipo iingie yote. Nikamuuliza kwa nini alinunua kamera ya tumbo dogo. Akaniambia nile chakula changu.

Jumatano, 19 Mei

Achille wa avenue ya nyuma anapiga picha za vidudu kule ziwani, Lac Vert. Yuko na jicho la karibu, refu kama muchi. Najua hapendi kuazima. Nikatuma neno kwamba kuna mududu wa ajabu ndani ya maharagi yangu, alete jicho upesi. Akaja anakimbia! Nikamuonyesha funza. Funza wa kila siku. Akamutazama kwa heshima, akauliza kama yuko mwingine. Olive akajificha jikoni kucheka.

Hata hivyo jicho tukalipata. Kali! Lakini kwa kamera ya tumbo dogo, jicho refu lataka kukaa mbali, vinginevyo linakula nusu ya negatifu. Kigoda kifupi. Tukapandisha kigoda juu ya matofali, matofali juu ya meza, Olive juu ya kiti. Lori la bia likapita. Nyumba ikatikisika, picha ikatikisika. Likapita lingine. Achille akaona jicho lake linacheza juu ya munara ule, akalichukua, akaenda bila kuaga. Ndiyo malezi ya siku hizi.

Olive anasema jicho tunalotaka ni fupi: lile la mashine ya baba yake ya kukuza picha. Lilizaliwa kwa kazi ya negatifu. Linaona pembe sawasawa na katikati. Akaniuliza liko wapi.

Yesu wangu! Najua liko wapi. Bwana ya Dancille alifanya kazi na Evariste. Aliliazima, akafa nalo. Dancille analitumia kukuza maandishi ya misale, kitabu chake cha misa!

Alhamisi, 20 Mei

Nimepeleka mandazi sita kwa Dancille. Nimemuuliza juu ya goti lake. Nimesikiliza goti saa muzima! Halafu nikasema Padri anataka wazee walete vitu vya zamani, vibarikiwe siku ya Pentekoste. Akauliza vitabarikiwa mbele ya misa ao kiisha misa. Nikasema mbele, kwa hiyo aniachie mimi nivifikishe. Akalifunga jicho ndani ya kitambaa safi, akanipa na sahani ya sombe, majani ya muhogo, ya kushukuru.

Nilisikia haya kidogo. Nilipofika kona ya avenue ilikuwa imepita. Sombe ilikosa chumvi.

Ijumaa, 21 Mei

Asubuhi: ushindi! Olive ametengeneza bomba la karatasi ngumu na mupira wa ndani wa piki, upande mumoja kamera, upande mwingine jicho la Evariste. Kigoda kinatosha, hakuna matofali, lori likipita hatujali. Picha imetokea: naona nyuzi za kikapo! Naona kiazi kimoja kilichooza! Nimecheza mpaka sufuria zikaanguka.

Mchana: msiba. Juu ya mulango kuna maandishi, KARIBU KWA BWANA. Kwa jicho la arusi yalikuwa moshi. Sasa yanaonekana, na yanasomeka kinyume, kama katika kioo cha kunyolea. Olive akasema tumelaza negatifu kwa tumbo. Akaigeuza. Maandishi yakanyooka.

Fundo likaenda kulia.

Kikapo ni cha Dancille. Na nyuma yake, pembeni, musichana mwenye fundo kushoto, midomo mbele kama bata, ameshika kuku kwa miguu. Mimi! Nikamukumbuka kuku yule. Alininyea kikwembe.

Nikamuambia Olive arudishe jicho la arusi. Akasema: Mama, siku nne unalilia jicho kali. Nikasema nataka jicho kali lenye adabu. Alaze negatifu vile ilivyokuwa kwanza, maandishi yawe moshi, kuku awe moshi. Akakataa. Nikamukumbusha nani alimubeba mugongoni siku ya moto. Akapiga, ananung'unika.

Jumamosi, 22 Mei

Nimemupelekea Padri picha. Akaileta karibu, akaipeleka mbali. Akauliza kwa nini ina ukungu mwingi hivi. Nikasema labda ni Roho Mutakatifu. Akaguna, lakini fundo la kushoto ameliona. Kesho kiti ni changu! Dancille alinikuta njiani, anauliza jicho lake. Nikasema foleni ya baraka ni ndefu. Nimepiga pasi kikwembe mara mbili.

Jumapili, 23 Mei

Hakuna Pentekoste. Jana magaribi mulima wa moto ulipasuka. Mbingu nyekundu, watu wote barabarani. Mimi sufuria kichwani, Olive na kamera, na Dancille? Amesimama kwa mulango wake, goti limekataa. Nikamutukana mpaka akatembea. Mbele kidogo tukapata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, tukamupakia kama gunia la makaa, Olive anasukuma, mimi natukana. Tumelala kandokando ya barabara ya Sake. Leo tumerudi. Moto haukufika avenue yetu. Watu wa Munigi, kule chini ya mulima, wamepoteza nyumba.

Alhamisi, 27 Mei

Udongo unatetemeka kila saa. Wakubwa wameamuru tutoke tena. Tuko Sake, ndani ya darasa la shule, mukeka wa Dancille umegusana na wangu. Tangu Jumamosi ananiuliza jicho, hawezi kusoma misale. Kila mara nasema liko kwa Padri. Leo Padri ameingia kutuona. Dancille akamushukuru kwa kulibariki jicho lake. Padri akauliza jicho gani.

Nikalitoa kifuani. Nifanye nini? Dancille akalipangusa, pole pole. Akauliza pia kuna nini katika sufuria ninayoilalia kama kuku juu ya mayai.

Jumapili, 30 Mei

Nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, Dancille alikuwa dirishani, negatifu mukono huu, jicho mukono ule. Ameigeuza mpaka maandishi yakasomeka. Nikatayarisha matusi yangu.

Akacheka! Alicheka mpaka akashika goti. Alimuona kuku. Akaita darasa muzima, jicho likapita mukono kwa mukono, watoto, wakongwe, hata askari wa mulangoni, kila mutu akatoa midomo mbele kunionyesha. Padri akaja wa mwisho. Akatazama negatifu, akaniangalia. Akasema misa ya jubilei tutaisoma hapahapa, leo.

Kiti kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Akapewa Dancille. Nikasimama nyuma. Katikati ya mahubiri Dancille akasogea, akapigapiga kiti kwa mukono, nikae nusu. Nilikataa. Halafu nilikaa. Halafu nilichukua zaidi ya nusu, makalio yake ni membamba.

Kiisha misa nikaangalia negatifu inayofuata. Musichana anavuta kamba ya kengele. Kengele ya kwanza ya kapela! Uso hauonekani, mukono umeufunika. Ni mimi. Mukono ule ni wangu, naujua. Dancille anasema ni Béata, mwenzetu marehemu. Marehemu atasema nini?

Nimemuita Olive. Alikuwa anafunga lile bomba la karatasi kwenye kamera. Nimemuambia aliache: safari hii tuanze moja kwa moja na jicho la arusi.