Sentimita Nne Mbele ya Wakwe

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Seul-bi ameleta picha. Ni binti yangu wa pekee, na Jumamosi tunakutana na wakwe kwa mara ya kwanza, hapa hapa mjini Daegu. Kwenye picha yuko mchumba wake, Ho-gyeom, na baba yake, Bwana Seok, wamesimama mlimani. Bwana Seok anatengeneza tofu, ile jibini laini ya soya, huko mji wa Andong. Sijui kwa nini, lakini nilidhani watu wa tofu ni wafupi. Huyu anamfikia mwanawe masikioni, na mwanawe huinama akiingia dukani kwangu!

Nikauliza, kwa upole kabisa, Bwana Seok ana urefu gani. Seul-bi akaniangalia. Akanikumbusha mchumba wake wa kwanza, yule aliyetoweka baada ya mimi kuwaambia wazazi wake kuwa jengo lenye duka langu la miwani ni langu. (Lilikuwa karibu kuwa langu. Niliwahi kuuliza bei.) Akasema hana nguvu ya kuaibika mara ya pili, na safari hii hakutabasamu.

"Baba, nenda ulivyo."

Nikaahidi. Nitakwenda nilivyo, na sentimita nne juu yake.

Nimeagiza mtandaoni mchana, na mzigo umefika jioni. Ni soli za kutia ndani ya kiatu, zenye kabari nene chini ya kisigino. Mtu wa nje haoni kitu. Nimezunguka nazo nyumbani. Huku juu dunia ni nyingine kabisa. Nimeona vumbi juu ya friji.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Nimezivaa dukani kutwa ili nizizoee. Kufika saa sita mchana, maumivu! Si kisigino. Ni mbele, pale wayo unapotuna kabla ya vidole. Ni kama nimekanyaga kokoto. Nimevua kiatu kuitafuta. Hakuna kokoto. Nimevaa, kokoto imerudi.

Jambo la ajabu sana hili. Mwili ni ule ule, uzito ni ule ule, na mguu huu nimetembea nao miaka hamsini na nane bila ugomvi. Nikachukua wino mwekundu wa muhuri wa duka, nikapaka wayo, nikakanyaga gazeti. Kwanza peku, kisha nikiwa juu ya kabari. Tazama! Alama ya kwanza imeenea vizuri. Ya pili, kisigino kimefifia na mbele pamekolea wekundu. Kumbe kisigino kikipanda, mwili wote unateremkia mbele na kukaa pale pale!

Nilizitazama alama hizo mpaka mteja akakohoa. Alikuwa anasubiri lenzi zake. Nimemhudumia na mguu mmoja mwekundu, naye hakuuliza kitu. Watu wa Daegu wana adabu.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Panahitaji kitu laini. Bwana Tak, mwenye duka la dawa ghorofa ya chini, ameziangika mlangoni kwake: pedi laini za kuweka kiatuni, kwa ajili ya maumivu haya haya. Lakini ninunue kwa Tak? Tak yuko katika kundi letu la kupanda mlima, na mdomo wake hauna kifuniko. Nilipopaka nywele rangi nyeusi, kundi zima lilijua kabla rangi haijakauka.

Basi nimejitengenezea. Sponji ya kuoshea vyombo: raha tupu asubuhi, kufika mchana imekuwa bapa kama chapati. Sponji mbili: kiatu hakiingii. Kisha nikafungua kabati, nikaona koti la zamani la mke wangu, lile lenye mabega ya kusimama. Ndani ya kila bega kuna pedi nene, laini, imejikunja kidogo. Yaani ni kama ilishonewa wayo wangu! Nimetoa moja, nikaikata katikati, nusu kila mguu, nimeiweka barabara chini ya pale panapouma.

Imesaidia kidogo. Kokoto bado ipo, ila sasa imelala kwenye godoro.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Balaa. Koti lile ndilo Mama Seul-bi alilopanga kuvaa Jumamosi. Amelijaribu mbele ya kioo. Bega moja limesimama, la pili limeanguka. Akajitazama muda mrefu. Akasema ni bega hilo hilo alilonibebea mimi tangu tuoane, kwa hiyo hashangai. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye viatu vyangu. Mwanamke huyu angekuwa askari.

"Njia ya mwongo ni fupi, Baba Seul-bi."

Nikamjibu ndiyo maana nairefusha. Hakucheka. Akasema mtoto akiaibika tena, mimi nitakula wali wangu na Tak. Hatamwambia Seul-bi, lakini kwa masharti mawili: ninunue pedi za kweli, na kabari niziache. Nimekubali sharti moja.

Kwa Tak nikasema pedi ni za mke wangu. Tak akasema vizuri sana, maana mke wangu alipita asubuhi kuziulizia kwa ajili yangu. Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akatabasamu, akasema aliye juu mngoje chini. Nimelipa, nikaondoka. Naye ana kitambi, lakini mimi sikusema.

Pedi zenyewe ni za jeli, rangi ya chai iliyokolea, zinatikisika mkononi. Zinanata upande mmoja.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Ugunduzi!

Asubuhi nilibandika pedi pale pale panapouma. Nafuu kiasi. Mchana ya mguu wa kulia ikaachia na kuteleza nyuma kidogo, na kabla sijainama kuirudisha, maumivu yakapotea! Ya kushoto, iliyobaki mahali pake, bado inauma. Nikasimama katikati ya duka, mguu mmoja peponi na mwingine motoni. Nikaleta wino. Kweli! Pedi ikikaa nyuma kidogo ya panapouma, inainua wayo kutoka chini na mzigo unasambaa. Haitakiwi kukaa kwenye kidonda. Inatakiwa kukibeba kidonda.

Nimewaeleza wateja wote wa leo. Mmoja alikuja kununua kamba ya miwani tu.

Nimeupigia simu mgahawa kuhakikisha. Nikauliza kama chumba chetu kina viti, maana wanaokaa sakafuni huvua viatu, na mimi nikivua nitashuka. Wamesema viti vipo. Basi viatu nitabaki navyo. Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Viti vipo. Na mlangoni pa chumba kuna ngazi ya mbao, na pembeni ya ngazi kuna rafu ya viatu.

Sakafu ni ya kupashwa moto, inang'aa. Maisha yangu yote sijawahi kuingia chumba kama kile na viatu, na hakuna Mkorea aliyewahi. Mimi nikaulizia viti!

Bwana Seok akafika ukumbini wakati ule ule. Mrefu, japo si sana kama pichani, akitembea polepole kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Tukainamiana. Nikamwomba atangulie kuingia. Akasema hapana, baba wa bibi harusi kwanza. Nikasema yeye ametoka mbali. Akasema umbali si kitu. Nikamuuliza alizaliwa mwaka gani, akataja, amenizidi mwaka mmoja. Nikasema basi imekwisha, mkubwa hutangulia. Akasema umri nao si kitu. Sijawahi kumsikia mwanaume wa nchi hii akisema hivyo.

Wake zetu wakavua, wakaingia. Ho-gyeom akavua, akaingia. Ndani alikuwa ameshakaa mama yake Bwana Seok, bibi mdogo mwenye sauti kubwa, akauliza kama supu itungoje mpaka ipoe. Sisi wawili bado tunasukumiana heshima. Seul-bi akatazama viatu vyangu. Kisha uso wangu. Masikio yake yakawa mekundu, na nikaliona lile jengo likirudi machoni pake, ghorofa zote.

Sikuweza kuvumilia macho yale. Nikavua. Nikashuka.

Bwana Seok akashusha pumzi, akainama, akavua. Naye akashuka! Akashuka zaidi yangu! Tukabaki tunatazamana, macho usawa mmoja, wanaume wawili wafupi wenye soksi nyeusi. Ndani ya viatu vyake, kabari. Kitambaa cha buluu, aina ile ile yangu, ila nene zaidi. Pale mlimani, nimekuja kuambiwa, alisimama juu ya jiwe.

Tukaingia. Tukakaa. Chini ya mguu nikahisi kitu kinanata. Pedi ya kulia ilinifuata kwenye soksi! Nikaibandua kimyakimya, nikaifumbata. Hapo hapo Bwana Seok akaniinulia chupa kunimiminia, na kinywaji cha mkubwa kinapokewa kwa mikono miwili. Nifanyeje? Nikaiacha ukingoni mwa sahani. Sahani ya muk, ile jeli ya mbegu za mwaloni, ya kahawia, inayotikisika.

Bibi akainua vijiti vyake. Kati ya vipande vyote akachagua pedi yangu! Akaichovya kwenye mchuzi wa soya, akaiuma, akaivuta, ikarefuka, ikarudi.

"Muk hii imegoma," akasema.

Basi nikasimama nikasema yote. Kabari, kokoto isiyokuwapo, wino, bega la koti. Nikasema Seul-bi hakujua lolote, aliniomba nije nilivyo, na kama kuna wa kukataliwa nikataliwe mimi. Nilimaanisha. Kidogo nilie.

Bibi akaweka vijiti chini. Akauliza hiyo kokoto inakaa wapi. Nikamwonyesha. Akavuta mguu wake, akabonyeza pale pale, akasema yeye ameuza samaki sokoni akiwa wima tangu ujana wake, na kila siku hutikisa viatu kutafuta kokoto hiyo. Hakuna aliyewahi kumwamini. Nikaiosha pedi kwa maji ya kunywa, nikapiga magoti, nikaibandika kwenye soksi yake, nyuma kidogo ya panapouma. Ya kushoto nikaitoa kiatuni, nikambandika na mguu wa pili. Akasimama. Akaenda hadi dirishani. Akarudi. Akaenda tena.

"Ho-gyeom," akasema, "huyu binti umwoe. Wanaume wa nyumba zote mbili ni waongo. Mnalingana."

Bwana Seok akainamisha kichwa. Mama Seul-bi alicheka hadi bega lile likaanguka zaidi. Seul-bi alianza kulia, kisha naye akacheka, akanishika mkono chini ya meza.

"Angalau, Baba, hukusema mgahawa ni wako."

Nimerudi nyumbani bila pedi, juu ya kabari zangu, nachechemea. Sijawahi kuwa na furaha kama ya leo.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Harusi ni mwezi wa tano. Seul-bi amepiga simu, ana ombi moja tu: siku hiyo baba wote wawili wavae viatu vya kawaida. Nimemwambia mimi ni mtu mpya.

Na nilikuwa mtu mpya kweli, asubuhi yote. Nikampigia Bwana Seok. Nikamwambia, mkwe mwenzangu, sisi tumeshaonana tulivyo, tufanye agano la wanaume: viatu bapa, pedi za mbele tu kwa ajili ya kusimama, kabari tutupe. Akakubali palepale, hata sijamaliza. Akasema ameshazitupa zake. Tukaagana kwa upendo mkubwa.

Kisha nikakaa nikafikiri. Amekubali upesi mno. Mtu mkweli husita kidogo.

Nimeupigia simu ukumbi wa harusi. Safari hii sikuuliza habari ya viti. Nimeuliza habari ya viatu. Havivuliwi, wala mlangoni wala jukwaani, mwanzo hadi mwisho. Mtu hujifunza.

Nimeteremka kwa Tak kuchukua pedi mpya za jeli. Nimemwambia ni za Bibi. Na soli nimeagiza za sentimita sita.