Viatu Arobaini Mlangoni

Jumamosi, 3 Agosti

Tumeibiwa! Jana, saa ya sala ya Ijumaa, mchana kweupe. Sufuria kubwa ya Sikuzani, mke wangu, ile aliyorithi kwa mama yake, inayopika kilo kumi za mchele bila kulalamika. Mwizi hakuvunja kitu. Hakugusa redio. Hakugusa pasi. Sufuria tu, na mfuniko wake. Mwizi mwenye wageni wengi, bila shaka.

Najilaumu kidogo sana. Nilikuwa nimechelewa, maji ya udhu yananichuruzika, na pale getini Mama Raïssa, jirani wa nyumba ya tatu, akanishika kwa maneno. Mama yule akianza kusema hakuna nukta. Nikamjibu ndio, ndio, haya, nikakimbia. Mlango niliurudishia tu. Nani mtaa huu wa Buyenzi anafunga mlango kwa ufunguo mchana?

Sikuzani hakupiga kelele. Bora angepiga. Alifunga nguo zake katika kitenge, akasema polepole: "Mi naenda kwa Saliha. Siku nyumba hii itakuwa na usalama, utaniita." Saliha ni dada yake, anakaa Kibenga, nyumba ya ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa, na zamu, mlinzi wa kufungua geti. Miaka yote anasema mdogo wake aliolewa na mwanamume asiyeweza kulinda hata kuku aliyechinjwa. Leo kanipigia simu. Ananipa mpaka Ijumaa. Ikipita, atamtafutia mdogo wake chumba kulekule Kibenga, na mimi nibaki na mlango wangu.

Siku sita! Mimi Huseni, fundi wa viti vya magari, niliyevisha basi zima ngozi mpya kwa siku mbili, nishindwe na mlango mmoja? Haiwezekani.

Jumapili, 4 Agosti

Nimekwenda kwa mwenye nyumba, Mzee Suud. Babu zake walitoka Omani na vitambaa, na yeye anauza vitambaa mpaka leo. Nikaomba kuweka komeo la ndani. Akakataa. Nondo dirishani? Akakataa. Msumari mmoja tu, mdogo, wa kutundikia kengele?

"Apana. Ukuta yangu hainywi musumari."

Amepaka rangi Januari. Akanieleza kwamba mwizi huja akaenda zake, lakini tundu la msumari hubaki mpaka Kiyama. Kubadilisha kitasa ndiyo usiseme, kitasa kile alikinunua marehemu baba yake. Nikauliza basi mpangaji ajilinde kwa kitu gani. Akasema kwa dua.

Kurudi nyumbani, nani yuko barazani? Ilias. Mpangaji kama mimi, upande wa pili wa ukuta, lakini yeye ana kufuli la Dubai. Analipaka mafuta mbele za watu. Akaniuliza mbona Sikuzani haonekani. Niseme nini? Kwamba mke wangu amenikimbia kwa ajili ya sufuria? Nikajifunika uso kwa kiganja, nikamwambia asiniulize, nikaingia ndani.

Nimepika bugali, ugali wetu. Umeungua. Nimekula hivyohivyo, peke yangu, nikitazama mahali anapokaa Sikuzani. Ukweli ni kwamba sufuria siikumbuki hata kidogo. Namkumbuka yeye.

Jumatatu, 5 Agosti

Akili ni mali! Makopo kumi ya maziwa, changarawe ndani, kamba moja kutoka bomba la maji mpaka mguu wa benchi. Hakuna msumari. Ukuta haujaguswa. Atakayeukaribia mlango, avenue nzima itasikia. Nikaenda kazini Zone Industrielle nikipiga mbinja.

Mtego umefanya kazi vizuri mno. Saa nne asubuhi ulinasa mtu, na kelele, naambiwa, zilifika msikitini. Tatizo ni kwamba ulimnasa Mzee Suud, aliyekuja kuchungulia kama nimepiga msumari. Kanzu nyeupe. Uani kulikuwa na maji ya kufulia. Hakuumia, alhamdulillahi, isipokuwa heshima.

Amenipigia simu mbele ya bosi wangu. Nikifanya jambo jingine moja tu, nitafute nyumba.

Ilias amenipa pole huku akilipaka kufuli lake mafuta.

Jumanne, 6 Agosti

Leo sikutumia hata kamba. Kipande cha boksi, rangi nyekundu, maneno ya Kifaransa kwamba humu mna mbwa mkali. Kifaransa ni makusudi, ili mwizi adhani ni mbwa aliyesoma. Nikakiegemeza mlangoni, basi.

Kufika adhuhuri Ilias ameshaujulisha msikiti mzima kwamba Huseni anafuga mbwa ndani. Watu waliacha nafasi pande zangu zote mbili. "We Huseni, mbwa iko wapi?" Nikisema yupo, nguo zangu hazifai sala. Nikisema hayupo, mwizi atasikia. Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa jibu.

Mzee Suud amekuja jioni, amechungulia mpaka chini ya kitanda. Amenitaka nimwonyeshe kwamba mbwa hayupo. Kumwonyesha mtu kitu kisichokuwepo si kazi ndogo. Akasema onyo la jana lilikuwa la mwisho, na hili la leo ni la mwisho kabisa.

Lakini kumbe kheri ilikuwa njiani. Kabla ya magharibi nilitumwa Gatumba kuchukua sponji za viti kwa Cirimwami, mfanyabiashara anayevuka mpaka kila siku. Pembeni ya sponji, gunia. Ndani ya gunia, viatu vilivyopoteza wenzao. Raba, sandozi, makubazi, vya kike, vya kiume, kila kimoja mjane. Nikasimama. Nikavitazama. Nikajiuliza, nyumba yenye viatu vingi mlangoni, mwizi gani ataingia? Atajua ndani kumejaa watu! Hakuna msumari, hakuna kelele, hakuna najisi.

Nimenunua gunia zima. Cirimwami aliuliza nina miguu mingapi.

Jumatano, 7 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilipanga viatu arobaini mlangoni. Nilivipanga kwa ufundi, vingine vimelala ubavu, vingine vimepandana, kama vya watu walioingia kwa haraka. Vilipendeza hasa. Nikafunga mlango, nikaenda kazini. Mchana nilimpigia Saliha kumwambia kwamba usalama umepatikana. Hakupokea. Baadaye nilikuja kujua kwa nini.

Nimerudi saa kumi. Kuna turubai uani kwangu. Chini ya turubai kuna mikeka, na kwenye mikeka kuna nusu ya Buyenzi. Wanawake wamejifunika kanga, wanaume wameshika misahafu. Moto unawaka, mchele unachemka. Mlangoni, viatu vyangu arobaini na jozi nyingine labda mia.

Wa kwanza kunishika mkono alikuwa Mama Raïssa, analia. Akaniambia pole. Nikaguswa sana. Nikajua habari ya wizi imewafikia, na majirani wamekuja kunifariji. Nikamwambia asilie hivyo, ilikuwa imezeeka, Mungu akipenda mwisho wa mwezi nitanunua mpya. Akauachia mkono wangu.

Ni Mzee Suud aliyenifumbua macho. Alinikumbatia, yeye aliyekuwa na kanzu ya maji juzi, akasema Sikuzani alikuwa mpangaji bora kuliko wote, hakuwahi kupiga msumari hata mmoja. Alikuwa? Nikauliza alikuwa vipi. Akalia kwa kwikwi.

Mambo yalikwenda hivi. Mama Raïssa alipita asubuhi akaona viatu vingi, nyumba kimya, hakuna ngoma wala kicheko. Arusi haiwi kimya. Basi ni msiba. Akaweka ndala zake pamoja na vingine, akaketi kuwasubiri wa ndani wamalize khitma. Wa pili akaona viatu na Mama Raïssa. Wa tatu akaona viatu na watu wawili. Hakuna aliyeuliza nani amekufa, maana msibani hakuulizwi, unatoa pole unakaa. Na kwa kuwa Sikuzani haonekani tangu Ijumaa, na Ilias aliapa kwamba Jumapili nilijifunika uso nikamkatalia swali, hawakuhitaji kuuliza. Kwa muda wa saa tano nzima walinong'ona ili wasiwasumbue watu wa ndani. Ndani hamkuwa na mtu!

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini Mzee Suud alikuwa amenishika bega, anatangaza mbele ya wote kwamba kwa heshima ya marehemu ananiruhusu kuweka komeo, na misumari minne. Minne! Nikaona ningoje amalize.

Hapo ikasimama teksi. Kumbe mchana Saliha hakunipokea kwa sababu alikuwa kwenye simu akipewa pole ya mdogo wake, na mdogo wake yuko mbele yake anakula samaki wa mukeke. Sikuzani akashuka. Kanga yake ya kijani, mkoba begani, mzima kama mwezi wa siku kumi na nne.

Sitaeleza mayowe. Ilias aliruka ukuta, ufunguo wa kufuli lake mfukoni. Mzee Suud alirudia shahada mara tatu.

Sikuzani alinijia moja kwa moja na nikafumba macho. Akanipita. Akaenda mpaka kwenye moto, akachukua kitambaa, akainua mfuniko wa sufuria iliyokuwa inachemsha mchele wa matanga yake. Akatazama kwenye mkono wa sufuria. Nukta tatu za msumari, alama ya mama yake, anayoitambua hata gizani.

"Hii sufuria yangu imetoka wapi?"

Mama Raïssa akajibu, bado machozi mashavuni: "Kwa bwana yako. Nilimuomba Ijumaa pa geti. Nikamuambia niko na wageni ya akika, nitarudisha siku ya mukutano ya kwanza ya watu hapa kwenu. Akasema ndio, ndio, haya."

Watu mia walinigeukia. Mimi nikavitazama viatu.

Kisha Sikuzani akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Mama Raïssa akakaa naye, na turubai zima likaanza. Akasema kule Kibenga siku tano hakuna aliyemuuliza hata jina, zamu mwenyewe anamfungulia geti bila kumtazama. Hapa amekufa asubuhi, alasiri ana turubai, mchele na watu wa kumlilia. Anakaa hapahapa. Saliha, aliyekuwa bado kwenye teksi, akarudi nayo Kibenga bila kushuka.

Tukala wali wa matanga. Ulikuwa mtamu. Sikuzani alikula sahani mbili.

Mzee Suud alinifuata mlangoni kunikumbusha kwamba ile ruhusa ilikuwa ya marehemu. Kwa kuwa marehemu hayupo, misumari nayo haipo.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku nzima kubadilishana viatu. Watu waliondoka jana wakicheka, kila mmoja akavaa alichokanyaga. Mama mmoja amekuja na raba ya mpira wa miguu. Ilias aliondoka na makubazi mawili ya kushoto, akatembea nayo mpaka asubuhi akidhani ni ugonjwa. Tena kwa kuruka ukuta ufunguo wa kufuli la Dubai ulimdondoka, na kufuli lenyewe lilikuwa limeshajifunga mlangoni. Amelala barazani kwangu. Nilimpa pole kwa roho safi kabisa.

Sikuzani anaimba jikoni. Nyumba ina sauti tena, na mimi ni mtu mwenye furaha, naandika hivyo bila aibu.

Amenikalisha chini baada ya chakula. Akasema hakuna mwizi aliyewahi kuingia humu, kuna masikio yangu tu. Usalama wa nyumba ya kupanga si kufuli, ni kumjua jirani na kumsikiliza anaposema. Nikamsikiliza kwa makini sana. Nilikuwa nawaza kwamba tangu nipange viatu vile, hakuna kilichoibiwa. Hata kijiko! Sasa, Buyenzi ina wapangaji wangapi wanaokatazwa misumari? Gunia moja la Cirimwami linatosha milango miwili. Vya kukodisha, kwa wiki. Jina la biashara bado nafikiria.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimechelewa tena sala. Nilikuwa nachora tangazo la viatu. Sikuzani ametoka mapema kwenda sokoni. Getini Mama Raïssa amenishika, maneno mengi, mikono hewani, sijui binti yake, sijui wageni kutoka Gitega. Nikamjibu ndio, ndio, haya, nikakimbia.

Nimerudi sasa hivi. Mkeka mkubwa haupo! Na birika. Na zile sahani za maua. Mlango haukuvunjwa, viatu vyote arobaini viko mahali pake.

Kwa hiyo ni mwizi anayejua kuvua viatu. Mtu wa adabu. Huyo ndiye hatari zaidi. Sikuzani hajarudi kutoka sokoni, nina kama nusu saa, na kuna njia moja tu iliyobaki ambayo haihitaji msumari. Nakimbia kuazima bata wawili wakali kwa Mama Raïssa.