Basi la Saa Sita

Jumatatu, 8 Machi 1999
Nafasi imepatikana. Mzee Matar, mwenye mabasi ya Morogoro, anataka mtu wa kukaa na kompyuta ofisini kwake Ubungo. Kiti kimoja, watu wawili: mie, fundi redio wa Chang'ombe niliyejifundisha mwenyewe, na Ansbert mwenye cheti. Programu ya Ansbert inageuza saa zetu ziwe za Kizungu, watalii wasome. Anaandika orodha ya saa, anajumlisha 6, kila namba inaongezeka kwa mpigo. Lakini inategemea kifurushi cha ziada cha programu ambacho kompyuta ya Mzee haina nafasi ya kukiweka. Nikasema nitaiandika upya kwa Python kavu, ile lugha ya kompyuta bila nyongeza, orodha za kawaida. Ansbert akauliza kama Python nayo nitaichomea risasi kama waya za redio. Watu wa vyeti bwana.

Jumanne, 9 Machi
Ansbert anadai orodha ya kawaida lazima uipitie namba moja moja, kila moja uipe sita yake. Kuchambua mchele huko. Nimeandika orodha + 6. Mashine ikagoma. Nikaitia hiyo 6 kwenye mabano ya mraba kama wenzake. Ikatulia. Mstari mmoja tu! Majibu: 1, 3, 5, 6. Nimehakiki. Basi la saa moja, la saa tatu, la saa tano. Sahihi. La saa sita silijui, ila kompyuta ina akili zake. Mke wangu Mwajabu kauliza mbona saa ni zilezile. Nimemwambia ndiyo usahihi wenyewe.

Jumatano, 10 Machi
Ratiba ilibandikwa asubuhi. Saa sita mchana abiria thelathini na wanane wakapanga foleni, basi hakuna. Ansbert akawaelekeza kwangu, anatabasamu. Mzee Matar, kwa hasira, akaniita kwa jina la marehemu baba. Nikamwamkia tena, nikamwambia basi lake la nne limelala uani mwezi mzima, na watu hawa wamekuja bila mpiga debe. Akamwita dereva. Dereva akaomba amalize ugali wake. Wakawa wanaondoka saa saba kamili. Dakika ileile kafika Mzungu na begi mgongoni, katazama ratiba, 1, katazama saa yake, 1, kapanda. Kabla ya kupanda kamshika Mzee mkono: tangu aingie nchini hajaona basi linaloheshimu muda namna hii.

Kiti nimepewa. Ansbert kaambiwa cheti akitunze kisilowe.

Ijumaa, 12 Machi
Kiti kinazunguka. Idd inakaribia, Mzee anataka kila basi liongezewe safari, mara mbili ya kawaida. Ansbert kapita dirishani, kasema nizipitie moja moja. Wivu. Nimeandika orodha mara 2. Mashine haikugoma hata kidogo. Imetoa 1, 3, 5, 6, 1, 3, 5, 6: mabasi manane. Nimetoka hadi uani nikahesabu: manne.

Nimemwandikia Mzee barua rasmi. Mabasi manne yameibwa. Namshuku Ansbert.