Kitu Chenye Masikio Juu ya Paa Letu

Jumatatu, 9 Juni

Sina hali. Mama mkwe ameona kitu angani.

Alikuwa dirishani anamlisha mwanangu Kijino (ana jino moja tu, la chini, ndiyo maana ya jina). Kitu kikapita. Rangi ya fedha, kikubwa kama chumba chetu, kinapumua. Kinajikunja, kinajikunjua. Kilipofika usawa wa dirisha kikainama kama kinatoa heshima, kisha kikaenda zake. Mama mkwe anasema naye alikiinamia, maana adabu ni adabu hata kwa usiyemjua. Kijino alipiga makofi. Mimi nilikuwa chini bombani nasuuza. Sikuona hata kivuli. Ndivyo yalivyo maisha yangu: mambo yakitokea mbele, mimi nipo nyuma nasuuza.

Kama hilo halitoshi, balaa la pili. Nimepanda juu ya paa kuanua nguo. Kava la gari la daktari wa meno halipo! Limeibwa mchana kweupe. Daktari ndiye mteja wangu mkubwa. Makoti ya kliniki, mapazia, mataulo, vyote nafua mimi. Kava nilikuwa nimelianika kwa ufundi wangu mwenyewe: kona mbili nimefunga, mbili nimeziacha huru, upepo uingie, likauke upesi. Mwizi amekuta kazi rahisi.

Namshuku fundi cherehani wa chumba cha jirani. Namwita Madam Pindo, kwa sababu hata mdomo wake ameukunja na kuushonea. Tunagombania kamba ya kuanikia tangu nilipohamia hapa.

Mambo mawili makubwa siku moja, na wala hayahusiani. Nimeduwaa.

Jumanne, 10 Juni

Mama mkwe amekisimulia kile kitu dukani, bombani na kwa kinyozi. Kufika jioni habari ilikuwa imemfikia shemeji mkubwa, kaka yake Baba Kijino. Shemeji ni mtu wa bima. Huona ajali hata ndani ya kikombe cha chai.

Akaja moja kwa moja kutoka kazini. Akamwamsha mume wangu, ambaye anaoka mikate usiku na kulala mchana, akamvuta koridoni. Nikabandika sikio mlangoni. Alikuwa anasema kwa sauti ya hospitali. Ati mama ameanza. Ati leo anaona vitu angani, kesho atatoka na mtoto mgongoni apotee naye. Jumapili atakuja na gari amchukue, akae kwake, nyumba ina geti na nondo, hakuna kutoka. Mume wangu akaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Usingizi ulikuwa bado umemkalia machoni.

Nilipogeuka, Mama mkwe alikuwa anakunja nguo zake polepole na kuzipanga ndani ya begi. Nikamuuliza Mama, unafanya nini. Akasema anakunja mapema, ili siku yenyewe asionekane analia kwa haraka.

Mimi mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Huyu ndiye aliyenionyesha namna ya kumshika mtoto mchanga kichwa. Alinikuta namshika kama bakuli la mchuzi.

Haondoki mtu. Nitachunguza mwenyewe. Nitapata mashahidi, na mashahidi wakiwa wengi shemeji atafunga mdomo na bima yake.

Jumatano, 11 Juni

Uchunguzi umeanza. Nimeshangaa nilivyo na kipaji.

Nimembeba Kijino mgongoni, nimepita mlango kwa mlango. Kwanza kwa kinyozi. Nikamweleza kitu kilivyokuwa: rangi, ukubwa, kupumua, kuinama. Niliona heri nimweleze kwanza ili asipate taabu ya kukumbuka. Kisha nikamuuliza kama alikiona. Akasema alikiona, rangi ya fedha, kikubwa, kinapumua, kikainama. Nywele zilinisimama. Neno kwa neno!

Mwenye duka naye hivyo hivyo. Muuza mkaa naye. Mke wa muuza mkaa alikiona vizuri kuliko wote, ingawa Jumatatu alikuwa safarini na amerudi leo asubuhi. Nikaona huyo ndiye shahidi bora, maana amekiona kutoka mbali.

Njiani nikakutana na daktari wa meno. Moyo pa! Akaulizia kava lake. Nikamwambia bado linakauka, si unaona mawingu haya. Akatazama juu. Hakukuwa na wingu hata la kusingizia. Akanitazama meno muda mrefu, nadhani ni mazoea ya kazi, akaondoka.

Baba Kijino anasema kinyozi ni yule yule aliyekula kiapo kwamba aliwahi kumnyoa mfalme. Nimemwambia alale.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemhoji shahidi mkuu. Nilimkalisha Mama mkwe kwenye kiti chetu kizuri, nikakunja uso kama polisi. Akaniuliza kama tumbo linauma.

Nikampa kalamu ya rangi ya Kijino achore. Mama mkwe hakusoma sana lakini mkono wake umetulia. Akachora kitu kipana, kona nne. Kwenye kona mbili akachora vikamba vinaning'inia. Pembeni, moja huku na moja kule, akachora masikio. Nikamuuliza ana hakika ni masikio. Akasema ana hakika, yalikuwa yametuna, yakijaa upepo yanasimama, kama sungura aliyesikia jina lake.

Damu ilinisisimka. Masikio bila kichwa! Kiumbe cha namna gani husikia kila kitu na hakina pa kukiweka? Nimewaza mchana kutwa. Nimewaza hadi nimeunguza kola ya shati la mtu.

Kuhusu lile kava, nimepata mpango. Madam Pindo huenda sokoni kununua nyuzi kila Ijumaa asubuhi.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimekaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Watu wananiruka.

Niliingia chumbani kwa Madam Pindo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikapekua chini ya kitanda, nikafungua sanduku la vitambaa, nikaingiza kichwa nyuma ya kabati. Nikakwama. Nikiwa hapo, kichwa ndani na mwili nje, nikasikia mtu anakohoa. Hakuwa ameenda sokoni. Alikuwa chooni.

Akauliza Mama Kijino, umepoteza nini humo, maana ukutani kwangu hakuna bomba. Nikajitia ujasiri. Nikamwambia, nikiwa bado nimekwama, kwamba nataka kava la daktari na asijifanye hajui. Akacheka mpaka akakaa kwenye cherehani. Akanivuta kwa miguu kama anayetoa pamba ndani ya mto.

Akasema Jumatatu aliniona naanika lile kava kwa kona mbili. Ati alitaka kuniambia litapaa, akakumbuka mara ya mwisho aliponishauri nilimwambia ashone nguo zake na mdomo wake. Basi akanyamaza, akaangalia. Upepo ukaja, mafundo yakaachia, kava likajaa hewa likaondoka. Nikamwambia kava la gari halina masikio. Akaniuliza vile vioo vya pembeni vya gari huvaa nini. Nikamwambia vina mifuko yake, miwili, huku na ku...

Sikumaliza sentensi. Sijaimaliza mpaka sasa.

Kile kitu ni mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Sikulala. Nikisema ukweli, Mama mkwe anabaki. Lakini daktari atajua nimepoteza kava na kumdanganya, atawaambia wenzake, na nani tena atampa nguo za kufua mtu anayezirusha? Na Baba Kijino atajua nilimdanganya kwamba kava lilisharudi. Nikinyamaza, kesho anaondoka.

Nikamtazama Mama mkwe anavyomfundisha Kijino kutambaa kurudi nyuma, ati mtu ajue kutoka kabla ya kuingia. Begi liko pale mlangoni.

Ndipo nikapata njia ya katikati. Shemeji anataka kuona ndipo aamini? Ataona. Nitarusha kingine.

Baba Kijino alileta foili, ile karatasi ya fedha ya kuokea mikate, iliyochanika kiwandani. Nimechukua shuka kuukuu, nimeibandika foili yote kwa uji wa ngano. Masikio nimetengeneza kwa kofia za Kijino. Kimependeza. Mume wangu aliamka, akakiona kimetandazwa sakafuni, akauliza ni nini. Nikamwambia pazia. Akarudi kulala. Namwonea huruma wakati mwingine.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya maajabu. Naandika huku macho yamevimba.

Shemeji alifika amevaa kama bwana harusi. Nilikuwa juu ya paa nimejificha nyuma ya mapazia ya kliniki. Aliposhuka kwenye gari nikakirusha kitu changu.

Nilisahau kwamba uji wa ngano una uzito, na ulikuwa haujakauka. Hakikupaa. Kilishuka moja kwa moja kama unga uliodondoka mezani, kikamfunika shemeji kuanzia kichwani. Akasimama ndani yake kama mkate unaosubiri kuingia tanurini. Kutoka dirishani nikasikia Mama mkwe anasema taratibu kwamba hicho sicho. Kile kilikuwa chepesi.

Shemeji alipanda ngazi na uji kwenye miwani, nami nikashuka kutoka paani. Akasema sasa ameelewa, ugonjwa ni wa nyumba nzima, na ataanza kumwokoa mmoja. Akachukua begi.

Mama mkwe akasimama. Alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa viatu vya kwendea mbali. Akamtazama Kijino, Kijino akamshika pindo la gauni na hakutaka kuachia. Mama mkwe akaanza kuvifungua vile vidole kimoja kimoja.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema yote. Kava, kona mbili, fundo, masikio, uongo kwa daktari, uongo kwa mume wangu. Baba Kijino alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na shuka begani, anasikiliza kama mtu anayesomewa habari za nchi nyingine.

Shemeji akasema mimi natunga ili nimfurahishe mama. Hilo kava liko wapi? Nikasema sijui. Akasema unaona. Akaelekea mlangoni.

Mama mkwe akasema lilishuka nyuma ya tangi la maji la mtaa.

Sote tukamgeukia. Nikamuuliza Mama, mbona hukusema. Akajibu kwamba wiki nzima watu wanamuuliza kilikuwa nini, na yeye hajui kilikuwa nini. Hakuna aliyemuuliza kilienda wapi.

Tukatoka kwa msafara. Shemeji na uji wake, mume wangu na shuka lake, Madam Pindo nyuma kabisa na mkasi shingoni, hakualikwa. Nyuma ya tangi kuna uwanja wa seremala. Rundo la mbao limefunikwa vizuri na kava la rangi ya fedha. Masikio mawili, moja huku na moja kule. Seremala akasema lilimjia lenyewe kutoka juu, naye hakuona sababu ya kulifukuza.

Shemeji akaingiza mkono ndani ya sikio mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Akavua miwani, akaifuta, akatazama dirisha letu lilivyo mbali, dogo kama stempu. Mama mkwe akamwambia alirudishe begi juu, maana ngazi ni nyingi kwa umri wake.

Juu, shemeji akatangaza kwamba mama hana tatizo. Mama atabaki. Ati amejionea mwenyewe kwamba nyumba hii haiwezi kuachwa bila mtu mzima ndani.

Nilikasirika kidogo. Kisha nikalia sana. Mama mkwe akanishika kichwa, vile vile anavyomshika mtoto.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeapa. Uongo basi. Asubuhi nimelikunja kava nikalipeleka kliniki, nimejipanga nimwambie daktari kila kitu, hata lile la mawingu.

Daktari alilipokea, akalinusa. Akauliza hii harufu ni ya nini. Ukweli ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kabla sijasema akasema inapendeza, kama nyumba mpya. Akamwita muuguzi anuse. Muuguzi akamwita mgonjwa, mgonjwa akanusa na pamba mdomoni, akainua kidole gumba.

Nikamwambia ni sabuni mpya. Naiagiza.

Jumatano, 18 Juni

Siamini macho yangu. Kliniki nzima inataka ile sabuni! Makoti yote meupe yameletwa kwangu, na mwenye hoteli ya kona ya barabara amesikia, ameleta vitambaa vyake vya meza. Vyeupe pia. Nimekimbia kwa seremala, amenipa gunia la vumbi la mbao, anashukuru nimempunguzia kufagia. Nimeliloweka kwenye karai kubwa pamoja na makoti tangu asubuhi. Harufu imefika mpaka chumbani kwa Madam Pindo. Aliniita dirishani, ana neno anataka kuniambia. Nikamwambia ashone.

Mama mkwe alipita na Kijino, akachungulia kwenye karai. Akasema mwanangu, haya makoti yanageuka rangi ya chai. Nikaangalia. Niliona meupe tu, na kivuli kidogo. Nikamshika bega kwa upole. Nikamwambia Mama, hayo sasa ni macho, ni umri.

Nimeshtuka kweli, maana Jumapili tu alikuwa anaona vizuri. Kesho nitamwomba shemeji aje amwangalie.