Kizibao chenye Utepe wa Zambarau

Kraaap!

Sauti ilipasua giza la chumba kama mtu anayechana shuka jipya. Halikuwa shuka. Ilikuwa ile gundi ya kitambaa, inayonata kimyakimya na kubanduka kwa kelele, na aliyeibandua ni baba mwenye nyumba, amesimama mguu mmoja kando ya cherehani ya mkewe, akijivika kizibao cha manjano ambacho hakuna aliyempa.

Aliganda. Akasikiliza. Mkewe alikuwa akikoroma taratibu, mkoromo wa kistaarabu, unaopanda na kushuka bila kukwama. Laiti angekuwa mtu wa kuchunguza mambo ya nyumbani kwake kama alivyochunguza ya wenzake, angekumbuka kwamba tangu waoane mwanamke yule hajawahi kukoroma hata siku moja.

"Baba," sauti ndogo ilitoka kitanda cha pembeni. "Unachana nini?"

"Sichani kitu, mama. Lala."

"Unaenda kazini?"

"Ndiyo."

"Kazi gani?"

Hapo ulimi uliowahi kumkodishia mlinzi lango analolilinda mwenyewe ukatoa ulichonacho.

"Ya asubuhi," akasema, akatoka na viatu mkononi.

Mtaani walimwita Mpole. Si kwamba alikuwa mpole. Sauti yake ndiyo ilikuwa laini, ikiingia sikioni kama mafuta ya nazi kwenye utosi wa mtoto, na mtu akishtuka hana saa. Kuhusu kazi, hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililokuwa limezua ugomvi nyumbani wiki ile. Mwalimu alitaka kila mtoto asimame Jumatatu mbele ya darasa aseme baba yake anafanya kazi gani.

"Mwaka jana nilimwambia aseme wewe ni mfanyabiashara," mkewe alikuwa amemwambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Watoto wakamuuliza biashara ya nini, akarudi analia. Safari hii simtungii uongo. Mpe neno la kusema, la kweli. Akirudi analia tena, mimi na yeye na cherehani yangu tunahamia kwa mama."

"Nitampa, mke wangu. Nipe tu nafasi."

"Nafasi unayo tangu tuoane."

Basi nafasi ikaja na kukaa sebuleni. Mkewe alipewa kazi ya kushona vizibao vya wasimamizi wa mbio kubwa za jiji, na aliyemletea kitambaa ni mkubwa wao, mama mmoja mwenye sauti ya bati, ambaye filimbi haikutoka shingoni hata alipokuwa amekaa kwenye kochi la watu. Mpole hakuonana naye. Kwa desturi yake, mgeni akibisha hodi yeye hujificha kwanza, kisha ndiyo huuliza ni nani. Lakini nyuma ya pazia alisikia kila kitu.

"Kukimbia si tabu, mwanangu," mama wa filimbi alilalamika. "Tabu ni kuwafikisha kwenye mstari wa kuanzia. Barabara zimefungwa, foleni ya kukabidhi mikoba inazunguka uwanja mzima, na kila mtu, hata asiyeweza kukimbilia maziwa yanayochemka, anataka kuanzia mbele apigwe picha!"

Nyuma ya pazia, Mpole alitabasamu mpaka pazia likatikisika.

Ndiyo maana alfajiri ile alichukua kizibao cha juu kabisa kwenye rundo la mwisho, lililokuwa likingoja kuchukuliwa. Kilikuwa na utepe wa zambarau begani. Vingine havikuwa nao. "Cha wakubwa hiki," alijisemea. Akabeba na kamba, na kipande cha shuka alichokiandika kwa rangi: MIKOBA YA WANAOANZIA MBELE.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa akimngoja kichochoroni nyuma ya kiwanda cha uchapaji, ndani ya gari la mkate. Huyu alikuwa kijana mnyoofu kupita kiasi. Ukimtuma chumvi anarudi na chenji na risiti, na anaomba radhi kwa kuchelewa. Mtu wa aina hiyo huwezi kumwambia unaiba, kwanza atalia, halafu atakwenda kusema. Kwa hiyo Mpole alimdanganya hata yeye.

"Shemeji, tumepewa kazi na wenye mbio," alisema, akigusa utepe. "Tunapokea mikoba hapa, tunaipeleka kule wanakomalizia. Sawa?"

"Sawa, shemeji. Yaani dada atafurahi! Nimeliosha gari ndani na nje."

"Likijaa nakaa hapo mbele, nakuonyesha njia." Njia aliyokusudia ilipinda kushoto penye taa za kwanza, ikaishia kwenye banda la rafiki yake mmoja asiyeuliza maswali. Ila hilo lilikuwa la baadaye. Alivua koti lake, lenye simu ndani, akalitupa kwenye kiti cha mbele ili lisimzuie kuonekana.

Akafunga kamba, akavuta pumzi, na kuanza kazi.

Binadamu, jamani! Umpe mtu kamba na kizibao, wenzake watamuuliza yeye pa kupita hata kama hapo ni kwao. Wa kwanza kunasa alikuwa dalali wa mnada, mwanaume mpana mwenye fulana inayombana, mkoba mgongoni, macho yakihangaika kutafuta njia ya kuruka foleni.

"Kijana, hapa ni wapi?"

"Hapa si pako, mzee," Mpole alisema kwa upole. "Hapa ni pa wanaoanzia mbele."

Ukitaka mtu aingie mlango, mwambie si wake. Dalali alivuta tumbo ndani.

"Na nani amekwambia mimi si wa mbele? Mwaka jana nilikuwa wa tatu!"

"Wa tatu katika nini, mzee?"

"Katika... familia yetu."

Mpole alimtazama kwa huruma ya hakimu mwenye watoto. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti. "Una uso wa mtu wa mbele. Pita. Lakini mbele hawaruhusu mkoba. Uache hapa, utaukuta unakomalizia. Nauandika namba yako ya kifuani kwa chaki."

"Natoa nini?"

"Hutoi kitu. Ni bure."

Neno hilo lilimaliza kazi. Cha kulipia mtu hukikagua, cha bure hukishukuru. Dalali aliushusha mkoba, kisha akasita nao kidogo mkononi kama mtu anayeacha mtoto shule siku ya kwanza. "Utaangaliwa vizuri?"

"Kama mboni ya jicho langu."

Nyuma yake walikuja wengine: daktari wa meno na mume wake wakigombana kuhusu maji, mwalimu wa hesabu aliyeruka foleni huku akieleza kwamba kwa kawaida haruki foleni, kundi zima la wafanyakazi wa benki. Wote waliona aibu kidogo, na wote walipita. Shemeji aliipanga mikoba kwenye trei za mkate kwa mpangilio wa namba, akiifuta vumbi. Haukupita muda gari likajaa mpaka mlango ukafungwa kwa goti.

Mpole aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Moyoni alikuwa ameshafika kwenye taa, ameshapinda kushoto.

Priiiii!

"Wewe! Wewe wa utepe wa zambarau!"

Mama wa filimbi alikuwa akija kichochoroni kwa hatua za mtu anayekanyaga moto kuuzima, askari wawili nyuma yake.

Mpole aligeuza uso wake bora kabisa. "Shikamoo mama. Mimi hapa nilikuwa naf—"

"Marahaba. Nimekutafuta uwanja mzima! Wote wenye vizibao wameripoti isipokuwa wewe. Twende!"

"Wapi, mama?"

"Wapi! Kwani utepe wa zambarau ni wa nani? Ni wa msindikizaji wa mwisho. Unatembea na mkimbiaji wa mwisho kabisa, humpiti, humwachi, mpaka avuke mstari. Ukitoka barabarani askari hawa wanakurudisha, maana bila wewe hatuwezi kufungua njia. Hukuambiwa?"

Mpole aliwatazama askari. Askari walimtazama Mpole. Zipo saa ambazo mjanja ana njia mbili, aseme yeye si msimamizi, aulizwe basi kizibao kakipata wapi na gari hili la nani, ama atembee.

"Niliambiwa," alisema. "Nilikuwa nanyoosha misuli."

Alipoburutwa alimtupia shemeji jicho, lile jicho la kusema ningoje, usiende popote, usifungue mlango. Shemeji akampungia mkono kwa furaha.

Bunduki ikalia. Mbio zikaanza, na dalali wa mnada, aliyesimama mbele kabisa ametanua kifua kwa wapiga picha, alipitwa na jiji zima. Walimpita wepesi, wakampita wazito, akampita hata bibi mmoja aliyekuwa anasimulia jambo kwenye simu. Kabla hawajamaliza kona ya soko, nyuma ya dalali palikuwa na mtu mmoja tu.

"Kijana!" Dalali aligeuka, uso ukang'aa kwa jasho na matumaini. "Si wewe uliyenipitisha mbele? Mungu hamtupi mja wake! Usiniache!"

"Siwezi," Mpole alisema, na katika maisha yake hakuwahi kusema kweli chungu kama hiyo.

Wakatembea. Viatu vya Mpole vilikuwa vya ngozi, vya kukimbilia pale tu mtu anapokufukuza, na navyo vilianza kumtafuna. Kila walipofika penye maji, dalali aliuliza mkoba wangu vipi, na kila mara Mpole alijibu uko salama, akimwona shemeji kwenye mawazo yake, ametulia kichochoroni anangoja. Hata kwa kuchechemea, atamfikia tu. Mali haiozi.

"Mna nini humo mkobani, mzee?" aliuliza hatimaye, kwa faida ya hesabu zake.

Dalali alisita. "Miwani ya mama yangu. Niliichukua kwa fundi jana, nikasahau kumpelekea. Hatoki kitandani siku hizi. Nimemwambia aangalie televisheni leo, ataniona mbele kabisa." Alipangusa uso. "Ndiyo maana nikaruka foleni. Sasa ameniangalia, na hakuona kitu."

Mpole alianza kucheka, akaacha. Hapo awali vitu vya watu vilikuwa vitu tu. Miwani hii ilikuwa na uso nyuma yake, umekunja macho mbele ya televisheni, ukitafuta mtu. Akaitafakari hatua kadhaa, akakasirika. Ndiyo hasara ya kuzungumza na watu unaowaibia.

Dalali alikaa chini ukingoni mwa barabara. "Mimi basi. Wewe nenda."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Askari walikuwa mbali kidogo, kichochoro kilikuwa wazi. Mpole alikitazama kichochoro. Akamtazama yule mtu mpana, amejikunja kama gunia lililomwagwa nusu.

"Inuka, mzee," alisema kwa ile sauti yake ya mafuta ya nazi. "Unajua wanaongoja nani pale mwisho? Wapiga picha wote. Wa kwanza wanampiga picha moja, wa mwisho wanampiga mpaka wachoke. Mama atasimuliwa na jirani."

"Kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Alimwinua. Akabeba nusu ya uzito wake begani, penye utepe.

Walipoingia uwanja wa kumalizia jua lilikuwa limeshapanda na watu walikuwa wakipiga makofi, maana watu humpenda wa mwisho kuliko anavyojua. Wapiga picha walikuwepo kweli, na aliyeshangaa zaidi ni Mpole. Kisha akaona kitu kilichomfanya asahau malengelenge yake.

Gari la mkate. Milango wazi. Shemeji juu, akiita namba kama anagawa mikate ya asubuhi, na chini watu wakipokea mikoba, wakisema ahsante. Pembeni, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mkewe. Bintiye alikuwa anakimbia huku na huku na mikoba inayomzidi urefu.

"Mdogo wangu alinipigia," mkewe alisema alipomfikia, sauti shwari kama uzi ulionyooka sindanoni. "Akasema gari limejaa na shemeji ameondoka na askari. Nikamuuliza alikwambia kazi ni ipi? Akasema kupeleka mikoba mwisho wa mbio. Nikamwambia basi, fanya kazi uliyopewa."

Mpole aliushika utepe begani.

"Na kizibao?" alinong'ona.

"Mkubwa wao hakuwa na mtu wa kusindikiza wa mwisho. Kila mtu anataka kusimama mbele. Nikamwambia ninaye mmoja, miguu anayo na kazi hana. Nikashona utepe, nikakiweka juu ya rundo. Nikamwambia usimwite, atakuja mwenyewe."

"Kumbe ulikuwa macho."

"Nilikuwa nakoroma, mume wangu. Hukunisikia?"

Mama wa filimbi alipita, akampiga Mpole begani kwa nguvu ya upendo. "Huyu nampanga mbio zote zijazo!" alitangaza, na kizibao hakukidai. Dalali naye alishapewa mkoba. Aliupekua kwa pupa, akatoa miwani, akaipeleka juani kuona kama imevunjika. Haikuvunjika. Akamkumbatia Mpole kwa jasho lake lote, huku akimwita ndugu yangu, na Mpole, aliyekuwa amezoea kukumbatiwa na watu anaowapekua mifuko, hakujua mikono yake aiweke wapi. Akaiacha ining'inie.

Kisha akaketi chini, akavua viatu. Bintiye alikuja akachuchumaa mbele yake, akayachunguza malengelenge kwa makini, akaugusa utepe begani kwa kidole.

"Baba, hii ndiyo kazi yako?"

Mpole alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaangalia pengine kabisa, kama mtu aliyeingiza uzi kwenye sindano na sasa anangoja mwingine afunge fundo.

"Ndiyo," alisema.

Mtoto alisimama wima, mikono ubavuni, kama atakavyosimama Jumatatu mbele ya darasa, akasema kwa sauti:

"Baba yangu anatembea na mtu wa mwisho mpaka afike."