Siku Gunia Alipowasha Jiko la Ruzuku

Sogeeni, enyi mlioketi na mlio wima; mwenye kikohozi akimalize, mwenye simu aizime, nipate kuwasimulia habari za Gunia, muuza mkaa, jabali la mtaa, bwana wa vumbi jeusi, na asubuhi ile alipokabiliana uso kwa uso na jiko la gesi la serikali.

Jiko lile liliingia nyumbani mwake likiwa begani kwa mkewe, mshonaji, aliyelipata kwa nusu bei pale serikali ilipotoa ruzuku ili watu waache kukata miti. Tangu siku hiyo nyumba ikagawanyika kama bunge.

"Kodi yangu mwenyewe," Gunia alinguruma, "ndiyo inayonunua panga la kunikata shingo! Barabara ina mashimo ya kuzamisha ng'ombe, zahanati haina dawa, wao wanagawa majiko!"

"Na vilima vimeota upara," mkewe akajibu huku akitunga uzi sindanoni. "Mvua ikinyesha, tope lote linashukia mlangoni kwetu. Miti ikiisha, mume wangu, utauza nini? Kivuli?"

Gunia akala yamini kwamba mkono wake hautagusa kitasa cha jiko lile mpaka anaingia kaburini. Ikawa mke hupikia gesi ndani, naye hujichemshia chai yake uani kwa mkaa, kila mtu na kambi yake.

Ndipo ikaja mvua. Ilishuka kwa majeshi, ikapasua turubai, ikavamia banda, ikayalowesha magunia yote bila kusaza hata moja la kupeleka habari. Mke alikuwa amekwisha kwenda kazini. Na chumbani kikohozi kikaanza kupiga kama ngoma ya vita: alikuwa mama mkwe, mgeni wao, aliyekuja mjini kutibiwa kifua.

"Mkwe wangu," akaita, "nipatie maji ya moto hata kikombe kimoja, nimezee dawa."

"Sasa hivi, mama!"

Shujaa akaupuliza mkaa uliolowa mpaka macho yakamwiva. Akaupepea kwa mfuniko, kwa gazeti, kwa shati lake mwenyewe. Ukatoa moshi wa kutosha kuficha kikosi kizima. Moto haukutoa.

Kikohozi kikaja tena, safari hii bila maneno nyuma yake. Hapo moyo wa Gunia ukapasuka pande mbili, na upande wa mama mkwe ukashinda.

Akaingia jikoni kama aingiaye pangoni mwa chatu, kiberiti mkono wa kuume, mfuniko wa sufuria mkono wa kushoto, ndio ngao. Akazungusha kitasa. Jiko likasema: *Ssssss*. Akakifunga upesi, akarudi nyuma mpaka sebuleni.

"Kuna nini huko?" mama mkwe akauliza.

"Tunazungumza, mama!"

"Washa njiti kwanza, mwanangu, ndipo ufungue gesi. Na usifumbe macho."

Alikuwa ameyafumba. Akayafumbua, akawasha njiti, akanyoosha mkono mrefu kuliko alivyojaliwa na Muumba, akazungusha. *Vuu!* Vinyweleo vitatu vya mkono vikamtangulia ahera, na mbele yake likachanua duara la buluu, tulivu, lisilo na moshi.

Maji yakachemka kabla hajamaliza kutweta. Mama mkwe akameza dawa, akanywa, kifua kikatulia. Na mke, aliyerudi kufuata mwavuli, akamkuta mumewe mbele ya jiko, ngao ingali mkononi.

"Nani kawasha?"

Gunia akajinyoosha kama mjumbe aliyepewa nafasi ya kuchangia hoja. "Mke wangu, nisinukuliwe vibaya. Msimamo wangu uko palepale. Mpango huu ni wa ovyo, na sisi wauza mkaa tungeulizwa kwanza tutakula nini." Akashusha ngao. "Ila maji yamebaki. Kaa unywe chai, umelowa."

Mke akamtazama mumewe, masizi usoni, shati limekunjamana. "Hilo la kuulizwa," akasema polepole, "ni kweli. Hawakuwauliza." Akaketi.

Basi na iandikwe, wajukuu wasome: katika mwaka wa mvua kubwa, kabla ya saa tatu asubuhi, maji yalichemka nyumbani kwa Gunia, na kambi zote mbili zikanywa.