Kaseti Moja, Duka la Bure

Jumatatu, 1 Juni 1998
Habari kubwa! Bi Mwanne, shangazi wa bibi harusi, anatafuta mpiga muziki wa harusi ya Jumapili. Mchana, maana couvre-feu, marufuku ya kutembea usiku, haina shemeji. Amesema hana nafasi ya kusikiliza wanaume wakijisifu: anayetaka kazi alete kaseti Alhamisi. Mshindani wangu ni mmoja, Tajudini, fundi baiskeli. Gitaa lake lina nyuzi nne; wa tano ni waya wa breki. Maskini! Akodiani yangu haikosi kitu, ila vitufe viwili ambavyo sivihitaji.
Tatizo dogo: sina kinasa sauti.

Jumanne, 2 Juni
Akili imekuja wakati wa kunyoa. Nani ananunua mashine bila kuijaribu? Hakuna! Basi nitajaribu. Wimbo mmoja kila mashine, kaseti yangu, jasho langu.
Kwenye barieri ya barabarani askari akataka kujua nimebeba nini. Nikampigia wimbo. Akaniruhusu kupita kabla ya ubeti wa pili. Heshima.
Mtaa wa Asiatique, dukani kwa Ilias. Nikaomba kinasa sauti chepesi, chenye maikrofoni yake, kisichomeza betri kama mlafi. Akaweka kimoja mezani. Nikakaa mbali, kwenye gunia la mchele, ili sauti ipate hewa. Ilias akaonya kwamba mashine hii husikia kilicho karibu. Akauliza kama nanunua ao nasali. Nikaendelea kupiga. Msanii hakatizwi.

Jumatano, 3 Juni
Tena kwa Ilias, mashine ya pili. Katikati ya wimbo akaingia Tajudini, eti anatafuta waya. Akaegemea meza ilipo mashine, akaanza kugonga mbao kwa vidole. Kisha akaimba juu ya muziki wangu: “Anajaribu, kununua apana! Anajaribu, kununua apana!” Ilias akaitikia. Wateja wakaitikia. Wivu mtupu. Nikapiga kwa nguvu zaidi.
Jioni nimegundua: Tajudini hana kaseti hata moja! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu Assia akauliza kama nimeugua.

Alhamisi, 4 Juni
Kwa Bi Mwanne, wanawake wanachambua mchele. Kaseti ikaanza. Ikasikika sauti ya Ilias akimsifia mteja thermos. Ilias akikohoa. Mimi kwa mbali, kama mbuzi aliyepotelea Buterere, pembezoni mwa mji. Halafu Tajudini.
Nyungo zikawekwa chini. Vigelegele! Kaseti ikarudishwa nyuma mara tano. Bi Mwanne akauliza yule nani. Nikasema mutu tu, alikuwa anapita. Akasema aitwe, Jumapili ni yake.
Na mimi? “We baba, naona mashine unaziweza. Utatunasia harusi.”
Tajudini ameshinda bila kaseti. Kwa kaseti yangu!

Ijumaa, 5 Juni
Baada ya swala nimetafakari kwa haki kabisa. Kosa ni la mashine. Ilias ana nyingine, ya maikrofoni mbili. Siku ya harusi, maikrofoni moja itamwelekea Tajudini, kwa adabu. Ya pili itakaa ndani ya koti langu, pamoja na akodiani, nami nitapiga.
Kesho naenda kuijaribu. Leo nimepita Asiatique kuangalia kama bado ipo: mtaa mzima ukaanza kuimba uliponiona, muuza ndizi na mshona viatu pia. Anajaribu, kununua apana!
Muziki ni wangu. Umaarufu umeanza.